UZI: Madera 14 kwa usiku mmoja. Shoo za Mombasa sasa ni za nani?

Mshonaji wa Kisauni (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Jambo hili ninalo tangu Jumapili, niliporudi na wanangu kutoka kwenye shoo ya muziki. Kila nikikaa kwenye cherehani hesabu yanirudia kichwani, basi nimeona heri niiweke hapa tuizungumze.

Mimi nashona madera. Ni fundi wa mtaani, sina duka kubwa. Ujira wangu wa dera moja la kawaida ni 500, kitambaa analeta mteja. Binti yangu ana miaka 15, mdogo wake wa kiume 11, na tangu yatoke matangazo ya ile shoo nyumbani hapakulalika. Nyimbo za yule msanii wazijua neno kwa neno. Binti kafanya vizuri mtihani, nami nilishamwahidi, na ahadi ni deni. Nikaanza kuweka pesa kidogo kidogo kwenye mkebe.

Uwanja siutaji wala waliotayarisha siwataji, maana sikuja kumchafulia mtu jina. Nataja pesa tu.

Tiketi ya kawaida ilikuwa 1,500, na mtoto akishapita miaka kumi hana nusu bei. Watu watatu, 4,500. Kulipia kwa simu kukawa na "ada ya huduma" ya 75 kwa kila tiketi, ambayo huioni mpaka ufike pale pa kutia namba ya siri. Hiyo 225. Matatu kutoka Kisauni hadi mjini, jioni ile wamepandisha, 240 sote. Kurudi ilikuwa saa nane za usiku, matatu hakuna, tuktuk 800, na yule dereva alinihurumia kwa ajili ya watoto. Maji na chakula mle ndani 1,350. Jumla 7,115. Madera kumi na manne na ushei, na hapo sijalipa kodi ya nyumba wala sijanunua uzi.

Hayo maji na chakula niyaeleze kidogo. Getini kulikuwa na meza. Baunsa wa kike akafungua mkoba wangu, akatoa chupa yetu ya maji na mfuko wa kachri na karanga nilizofunga nyumbani, akavitia kwenye pipa la plastiki lililokwisha kujaa vitu vya wenzangu. Hakunitukana. Alisema hata "samahani mamangu." Lakini nililitazama lile pipa. Chupa nyingine hazijafunguliwa kifuniko, na hatua thelathini mbele kuna kibanda chauza maji yale yale kwa 150.

Ndani, mbele ya jukwaa, palikuwa na meza za VIP zenye vitambaa vyeupe. Saa nne za usiku nilizihesabu: kumi na moja hazina mtu. Nyuma ya meza uzio wa chuma. Nyuma ya uzio ule mnara wanaokaa mafundi wa mitambo. Nyuma ya mnara, sisi. Mwanangu wa kiume ni mfupi. Nilimwinua mpaka kiuno kikakataa, kisha akakaa chini akawa atazama skrini, kama yuko nyumbani. Tiketi yasema saa kumi na mbili jioni, msanii kapanda jukwaani saa sita na nusu. Mtoto alikuwa keshalala mapajani mwangu.

Na alipoimba, aliimba kweli. Hilo siwezi kulificha. Binti yangu alitokwa na machozi ya furaha, akanishika mkono kwa nguvu kama alivyokuwa akinishika akiwa mdogo tukivuka barabara pale Buxton. Ndiyo sababu jambo lenyewe laniuma. Kitu ni kizuri, na sijui nitaweza lini kukirudia.

Najua kuna atakayeniambia Mombasa muziki wa bure umejaa. Ni kweli. Mtwapa, Nyali, Bamburi, kila mwisho wa juma kuna bendi na mlangoni hulipi kitu. Lakini hulipi kwa sababu chupa ndiyo inayolipa. Mwenye baa anamlipa mwanamuziki kutoka kwenye kinywaji. Mimi sinywi, wanangu ni watoto, na mji huu una watu kama mimi wasiohesabika: akina mama, wazee, vijana wa madrasa wapendao muziki lakini baa hawaingii. Kwetu sisi mlango wa kumwona mwanamuziki ana kwa ana ni mmoja tu, tiketi. Na mlango huo ndio unaopanda.

Nauliza wenye ujuzi: pesa hizi zaenda wapi? Na hakuna njia nyingine?

Fundi Mitambo

Dada, pole kwa usiku ule. Mimi nakodisha mitambo mwaka wa 16 huu, nimefanya kazi na mapromota wakubwa na wadogo, wacha nikueleze ninayoyaona nikiwa kwenye huo mnara uliokuzibia.

Anza na msanii wa nje. Yeye hulipwa kwa dola. Tuseme mkataba ni dola 5,000. Mwaka 2021 dola ilikuwa kama shilingi 110, kwa hiyo promota atafuta 550,000. Januari 2024 dola ikafika karibu 160. Msanii yule yule, hakuongeza hata senti, sasa ni 800,000. Baadaye ilishuka ikatulia karibu na 130, lakini je, ulisikia kiingilio kimeshuka? Halafu kuna kodi. Msanii asiye mkaazi hukatwa asilimia 20. Wengi wao wanaandika kwenye mkataba kwamba 5,000 ni za mkononi, baada ya kodi. Basi promota lazima atafute 6,250 ili zibaki 5,000. Watu hawajui hilo.

Njoo kwenye jenereta. Yangu kubwa hula kama lita 10 kwa saa ikiwa na mzigo. Huwezi kuamini stima peke yake kwa shoo, ikikatika dakika moja umati unaanza kurusha chupa. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia mwisho wa mwaka huo dizeli ilivuka shilingi 200 kwa lita. Mimi nikapandisha bei yangu, sikuwa na la kufanya.

Na kuna gharama ya hapa kwetu ambayo mwenzangu wa Nairobi haijui: chumvi. Shoo nyingi zetu ziko kando ya bahari. Upepo wa usiku ule mnaoufurahia hubeba chumvi mpaka ndani ya spika. Kila nikirudi stoo, kabla sijalala, mimi na vijana wangu twafuta kila tundu la waya kwa kitambaa na dawa, moja moja. Tukilala siku mbili bila kufuta, kutu ya kijani ishaanza kwenye shaba. Spika ambayo bara yakaa miaka kumi, hapa ukifika sita shukuru Mungu.

Ongeza vibali vya kaunti, kibali cha kelele, leseni ya hakimiliki ya muziki, polisi, ambulensi, mabaunsa, jukwaa, vyoo vya kukodi. Wote hawa wataka pesa kabla ya siku. Na Mombasa watu hununua tiketi lini? Siku yenyewe, tena getini. Kwa hiyo promota hukopa, na mkopo una riba. Mvua ya masika ikishuka saa kumi na moja jioni, kaisha. Nimemwona mtu akilia nyuma ya jukwaa, mtu mzima, anajua kesho yake gari si lake. Ile tiketi ya 1,500 ndani yake muna hofu ya mvua, dada.

Maji ya 150 hayo siyatetei.

Kijana wa Bamburi

Shangazi, kwa heshima zote, nataka kuwatetea watu wa VIP kidogo. Mwaka jana nilifanya kibarua cha kukagua tiketi kwenye shoo moja. Kulikuwa na meza 20 za 40,000 kila moja. Hiyo ni 800,000. Watu wa kawaida walikuwa 600 kwa 1,000, hiyo 600,000. Shoo nzima ilisimama kwa 1,400,000. Sasa ondoa zile meza, ugawanye pesa ile kwa watu 600. Tiketi yako inakuwa zaidi ya 2,300. Yule unayemwona amekaa mbele na marafiki zake ndiye aliyekulipia nusu ya usiku wako. Mimi mwenyewe sina pesa za VIP, nasimama nyuma kama wewe, lakini sina kinyongo nao.

Mshonaji wa Kisauni

Mwanangu, hesabu yako nimeipiga upya kwa kalamu na ni sawa. Nimejifunza kitu na ninakushukuru. Kinyongo na matajiri sina mimi, wateja wangu wengine ni wao.

Lakini meza yaweza kuwekwa ubavuni, kushoto na kulia, katikati pakabaki wazi. Aliyelipa VIP amelipia kiti, kivuli na kuhudumiwa. Hakulipia mwanangu asione. Na zile meza kumi na moja? Ikifika saa tatu meza haina mtu, si wafungue uzio watoto wasogee?

Kijana wa Bamburi

Hilo la kufungua uzio nimelichukua, shangazi. Nitamwambia niliyefanya naye kazi.

Mzaliwa wa Majengo, niko Uingereza

Nawasoma nikiwa mbali na nimeguswa na ile "ada ya huduma" ya 75. Wenzangu msiidharau. Huku tulipo ilianza hivyo hivyo.

Agosti 2024 bendi ya Oasis ilitangaza kurudi pamoja baada ya miaka 15. Watu walipanga foleni kwenye mtandao tangu asubuhi. Tiketi iliyotajwa kuwa karibu pauni 150, ulipofika zamu yako baada ya masaa unaikuta imepita 350, tiketi ile ile, mahali pale pale pa kusimama. Kompyuta iliona watu wengi, bei ikapanda. Marekani walishayaona hayo mwaka 2022 kwa Bruce Springsteen, tiketi chache zikafika hadi dola 5,000. Bei inapanda ukiwa foleni, na una dakika chache tu za kuamua, ulipe au uondoke.

Na ada. Mwaka 2023 bendi ya The Cure ilipanga tiketi za bei nafuu kwa makusudi, watu wa kawaida waweze. Ticketmaster ikaweka ada zake juu, kwa baadhi ya watu ada zikazidi bei ya tiketi yenyewe. Mwimbaji wao Robert Smith akapiga kelele hadharani mpaka kampuni ikakubali kurudisha dola 10 kwa kila tiketi ya bei ya chini na dola 5 kwa kila nyingine. Mwanamuziki mwenyewe kasimama upande wa wasikilizaji wake, na kitu kikarudi.

Kwa nini kampuni yaweza kufanya hivyo? Kwa sababu tangu 2010 Ticketmaster na Live Nation ni kitu kimoja: anayeuza tiketi, anayeandaa ziara na mwenye kumbi nyingi ni yule yule. Serikali ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo Mei 2024. Huku Uingereza serikali ilitangaza Novemba 2025 kwamba itapiga marufuku kuuza tena tiketi kwa bei inayopita ile ya awali, kwa ajili ya walanguzi wanaozinunua kwa maelfu.

Ziara ya Taylor Swift iliyoisha Desemba 2024 iliingiza zaidi ya dola bilioni 2 za tiketi, kwa hiyo pesa ziko na zitazidi kutafutwa. Huko kwetu bado ni 75. Ulizeni sasa hivi ni ya nini na inakwenda kwa nani, kabla haijawa 500.

Mwalimu wa Changamwe

Naunga mkono. Katiba yetu, kifungu cha 46, yampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu kile anachonunua. Bei kamili iandikwe kwenye bango la tangazo, si kujitokeza kwenye simu mwisho wa safari.

Lakini nataka kumwongezea Bi Mshonaji jambo moja, kwa sababu ameuliza pesa zaenda wapi. Miaka ya 1960 wanauchumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, waliliona hili. Bi Mshonaji, ulipotoka kwenye cherehani ya miguu ukapata ya stima, madera yako kwa siku yaliongezeka, si ndiyo? Sasa mtazame mpiga udi. Wimbo wa dakika kumi na mbili wahitaji dakika kumi na mbili, leo kama siku za Siti binti Saad. Wapiga fidla wawili ni wawili. Huwezi kumwambia apige haraka ili amalize nyimbo nyingi kwa saa. Lakini mpiga udi ananunua unga kwa bei ya leo, na watoto wake wanasoma shule zile zile za wako. Kazi ambayo mashine haiwezi kuikimbiza, bei yake lazima ipande kuliko za wengine. Hilo halina wa kulaumiwa.

Mshonaji wa Kisauni

Mwalimu, umenigusa pabaya na pazuri. Cherehani ya stima niliipata 2017 na ni kweli, toka madera mawili kwa siku hadi matatu, siku nyingine manne. Sikuwahi kumfikiria mpiga udi hivyo.

Mpiga Gitaa, Freretown

Kwa kuwa tumetajwa, niseme na mimi. Napiga bango, huu muziki uliozaliwa na Mzee Ngala, na nimecheza hotelini pwani yote hii toka ujana.

Zamani mwanamuziki alikuwa na mifuko miwili. Mmoja wa kucheza, mmoja wa kaseti. Mji wa Kale palikuwa na Mbwana Radio, wakirekodi taarab na kuuza kaseti, mtu anatoka Lamu anabeba kumi za kwenda kuuza. Shoo ilikuwa ya kujitangaza ili kaseti inunuliwe. Sasa imegeuka. Wimbo upo kwenye simu ya kila mtu, na wakinisikiliza mara elfu moja pesa nitakayopata haifikii bei ya seti moja ya nyuzi za gitaa. Mfuko wa pili umetoboka, tumebaki na mmoja, basi kila mwanamuziki anajaribu kuujaza huo mmoja. Hao wakubwa wa Ulaya na hao wa Nairobi, sababu ni moja.

Lakini dada, usidhani ile 1,500 yako inatufikia sisi. Hotelini nalipwa 2,500 kwa usiku, na ni ile ile tangu 2012. Kwenye shoo kubwa sisi wa pwani huitwa "kufungua." Tunapanda saa moja, uwanja mtupu, wanaingia watu wa VIP sisi tunateremka. Mara mbili nimeambiwa malipo yangu ni "kuonekana." Nauli ya kutoka Freretown sikulipwa.

Na tukiitwa sisi Nairobi, bendi ya watu tisa, treni ya SGR daraja la chini ilikuwa 1,000 kila mtu. Tangu Januari 2024 ni 1,500. Kwenda na kurudi ilikuwa 18,000, sasa ni 27,000, na hapo hatujala wala hatujalala. Safari mbili tumekataa kwa ajili hiyo.

Ulichosema kuhusu chupa ndicho kinachonikosesha usingizi mimi. Kwenye baa sichaguliwi kwa kupiga vizuri. Nachaguliwa kwa kuwafanya watu wakae muda mrefu na kuagiza tena. Meneja ananiambia wazi: usipige za polepole, za polepole watu hawanywi. Nina nyimbo nne za polepole ambazo ni bora kuliko zote nilizotunga. Hazijasikika popote ila kibarazani kwangu.

Wa Ng'ambo ya Likoni

Sisi wa Likoni hata ikiwa tiketi ni 200 bado tuna feri. Kivuko kwa miguu ni bure, lakini saa saba usiku na watoto wawili, giza lile la kutoka stendi hadi nyumbani, mimi mwanamke siwezi. Shoo ikianza mapema nusu ya shida yangu imekwisha kabla hatujagusa bei.

Bibi wa Kibokoni

Wanangu, mjukuu wangu ananisomea na ananiandikia, nisameheni nikiwachelewesha.

Sisi tumewasikia waimbaji wa taarab Juma Bhalo na Zein l'Abdin, Mungu awarehemu, mmoja ametutoka 2014 na mwenziwe 2016, na sikumbuki siku niliyokata tiketi. Mwenye harusi ndiye aliyeita. Yeye ndiye aliyewalisha wapigaji na kupatana nao ujira. Mtaa mzima twaenda, wanawake upande wetu, wanaume upande wao, na asiyealikwa akae barazani kwa jirani asikie.

Na mwimbaji hakuondoka na ujira peke yake. Palikuwa na tunzo. Ubeti ukikugusa wainuka, noti mkononi, waenda polepole kwa mwendo wa ngoma mpaka pale alipo, wamtuza. Wakati mwingine wamtuza huku umemtazama mtu mwingine kabisa, na mwenyewe ajua. Mwenye shilingi kumi atoa kumi. Mwenye mia atoa mia ili aonekane, na ilikuwa halali yake. Asiye na kitu hakuna aliyemtoa ukumbini. Mimi niliwahi kutuza kwa kanga, nilikuwa sina pesa siku ile, nikaivua ya kujifunika begani nikamvisha mwimbaji. Alinitaja jina kwenye ubeti uliofuata. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Yule kijana wa Uingereza asema kompyuta hupandisha bei ikiona watu wanataka sana. Sisi bei tulipandisha wenyewe, kwa kupenda, baada ya kusikia. Mwanangu mshonaji, wewe ulilipa 1,500 hujamsikia bado.

Mshonaji wa Kisauni

Bibi, shikamoo. Nimeisoma mara tatu hiyo ya kanga.

Nimekaa na binti yangu jana usiku tukaandika. Nawaomba mkosoe, maana mimi najua hesabu ya vitambaa tu.

Shoo ya alasiri. Saa tisa hadi kabla ya Maghrib, kila mtu arudi na matatu ya kawaida, na dada yetu wa Likoni avuke feri kweupe. Ukumbi wa shule, Jumamosi moja watoto wakiwa likizo. Watu 250, kiingilio 300, ndiyo 75,000. Ukumbi nimekadiria 10,000. Mitambo midogo 15,000. Bendi ya watu watano, kila mmoja 5,000 mkononi, 25,000, na hiyo ni mara mbili ya hotelini. Vibali na leseni 10,000. Walinzi na kusafisha 5,000. Jumla 65,000. Zabaki 10,000, hizo ziwekwe za shoo ya pili, watu wasipojaa zitufae.

Bei kwenye bango iwe ndiyo bei. Maji kila mtu aje na yake. Mlangoni kina mama wa mtaa wauze viazi vya karai, mahamri na mabuyu kwa bei ya mtaani. Viti vyote sawa, watoto mbele kwenye mkeka. Na kuwe na kapu la tunzo mbele ya jukwaa, atakayeguswa ainuke, na pesa ya kapu ni ya wapigaji peke yao, mwenye kuandaa asiiguse.

Na kaka wa Freretown, zile nne za polepole zipigwe zote.

Nimekosea wapi?

Fundi Mitambo

Vibali umeviweka chini kidogo, weka 15,000, bado unabakiwa na 5,000. Kwa watu 250 ndani ya ukumbi huhitaji laini arei, zile spika nyingi za kuning'inizwa, wala jenereta yangu kubwa. Spika nne na mikisa ndogo ya kuchanganya sauti zatosha. Mara ya kwanza nitachukua 8,000, nilipe vijana wangu na gari. Ya pili tutaongea.

Kitu kimoja: mnara wangu nitauweka pembeni, karibu na ukuta. Nitasikia vibaya kidogo lakini nitazoea.

Kijana wa Bamburi

Shangazi, mlangoni nipe mimi. Bure.

Mshonaji wa Kisauni

Nimeshukuru nyote. Jumatatu nampelekea mwalimu mkuu mmoja madera yake mawili, nitamuuliza habari ya ukumbi hapo hapo. Nikijibiwa nitaandika hapa.

Mpiga Gitaa, Freretown

Katika bendi yetu tutakuja watano, na tuko tayari. Muulize kama jukwaa lina soketi za stima zinazofanya kazi, na ukuta wa nyuma ni wa mawe au mabati, maana mabati yatarudisha sauti yote. Mimi leo naanza kuwafundisha wenzangu ile ya kwanza.